Mama aliyeacha kupika maharagi

Kwanza neno kidogo

Kisa hiki ni cha kweli, nilikifuata kuanzia Septemba 2023 mpaka Februari 2024 kwenye nyumba moja ya kusikiliza watu wenye shida za moyo hapa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulio chini ya volkano Nyiragongo, na mwenyewe alinikubalia nikiandike kwa sharti moja, mtu wa kartye yake, yaani mtaa wake, akisoma asimtambue. Basi jina nimeondoa, kartye nimeondoa, umri wa watoto nimegeuza kidogo, na kuna ndugu mmoja nimemtoa kabisa kwenye habari. Maharagi sijayagusa, juu bila maharagi hakuna kisa. Nitamuita Mama Z, na kijana wake wa katikati nitamuita Z.

Naandikia hasa wenzangu tunaokaa kwenye hivi viti vya kusikiliza watu, wengi wetu si waganga wa hospitali, tulifundishwa wiki chache tukapewa daftari na mtu wa kutufuatilia, na kila siku anaingia mtu anasema tumbo linamuuma.

Alikuja na tumbo

Mama Z ana miaka 30 na kitu, ni mshonaji, cherehani yake iko kwenye baraza ya nyumba ya mbao ya vyumba viwili, bwana wake ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, watoto 4. Alitumwa kwetu na muganga wa kituo cha afya, maana ndani ya miezi mitatu alikuwa amefika pale mara nne, wakapima malaria, wakapima tifoidi, wakampa dawa za vidonda vya tumbo, na tumbo halikusikia dawa yoyote. Huyo muganga namshukuru mpaka leo, angeweza kumwandikia karatasi ya tano ya dawa lakini yeye akamuuliza kama analala. Hakuwa analala. Usiku alikuwa anajilaza na nguo za kutembea, viatu kando ya kichwa, begi karibu na mlango.

Siku ya kwanza aliniambia, akiniita yaya kama mkubwa wake, "Yaya, mimi sina shida, ni tumbo tu na mawazo mingi." Nikamuuliza mawazo gani, akasema mawazo ya maisha. Mimi nikaandika kwenye daftari: tumbo, usingizi, hofu ya volkano. Hilo la tatu niliandika sababu ya begi, na nikajiona nimeelewa haraka.

Wiki ileile bwana wake akapita mlangoni, hakukaa, akasema akiwa amesimama na kofia ya pikipiki mkononi: "Mumuambie aache uvivu. Inafika miaka mbili hapiki maharagi. Kila siku muchele na sambaza, muchele na sambaza, mimi natoa wapi pesa?" Akaenda. Sambaza ni wale samaki wadogo wa ziwani. Nikaona ni manung'uniko ya nyumbani kama tunavyosikia kila siku, nikayaandika chini kabisa ya ukurasa.

Vikao viwili nilivyoharibu

Kikao cha pili nilimtuliza. Nilimwambia mlima unaangaliwa, wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma, wanaupima usiku na mchana, kukiwa na hatari tutaambiwa mapema. Akaniangalia kwa upole kabisa akasema, "Yaya, 2021 nani alituambia?"

Sikuwa na jibu, maana ukweli ni huo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka bila tangazo lolote kutufikia, tuliona anga imekuwa nyekundu ndiyo tukajua. Na mlima huo si mgeni kwa jambo hilo, ulifanya 1977, ukafanya tena Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikala kipande cha uwanja wa ndege na nyumba za maelfu ya watu. Goma tunajenga juu ya mawe ya mlipuko uliopita, ukuta wa kiwanja changu mwenyewe ni wa mawe hayo meusi. Hofu ya Mama Z ilikuwa na haki yake na mimi nilikuwa namuomba aitupe.

Kikao cha tatu nikaharibu zaidi, nilimpa kazi ya kufanya nyumbani, aondoe vitu kwenye begi. Akarudi wiki iliyofuata macho mekundu, tumbo limezidi. Alikuwa ametoa nguo akazikunja kabatini vizuri, saa nane ya usiku akaamka akazirudisha zote gizani kwa kupapasa ili asiwaamshe watoto.

Msimamizi wangu, ambaye ni mwanasaikolojia wa kusomea, alisoma daftari kimya alafu akaniuliza, "Na wewe, begi lako liko wapi?" Liko nyuma ya mlango wa chumba changu. Lina vyeti vya watoto, sabuni na shuka moja. Akaendelea kusoma mpaka chini ya ukurasa, akaweka kidole pale nilipoandika kidogo: "Na haya maharagi?"

Nilipoenda kwake

Nilienda nyumbani kwake Alhamisi moja asubuhi, tukakaa kwenye baraza. Nitasema nilichoona maana baadaye kilinisaidia. Babula, lile jiko dogo la makaa, ilikuwa safi, makala (ndiyo makaa) machache tu ndani, kama ya kuchemsha chai. Cherehani ilikuwa na kazi moja juu yake, sketi ya kubana kiuno, kazi ya nusu saa. Pikipiki ya bwana ilikuwa uani, uso umeelekea barabara. Kikwembe (kitenge) cha yadi sita, kizuri sana, kilikunjwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza, mteja alikileta tangu Pasaka.

Sikumuuliza anajisikiaje. Huku kwetu ukimuuliza mtu anajisikiaje atakujibu "tuko tu, Mungu anasaidia", na hakudanganyi, ndivyo tunavyojibu. Nilimuuliza kitu gani alikuwa anakifanya zamani na sasa hakifanyi. Akaanza taratibu, nikawa naandika. Maharagi. Sombe, yale majani ya muhogo. Nguo za harusi. Inifomu za shule zile za kushona kwa jumla kabla ya Septemba. Likelemba, ule mchango wa pesa wa kupokea kwa zamu, ya akina mama wa avenyu yao, alitoka juu zamu yake ingefika baada ya miezi minane. Kumsuka binti yake rasta, sasa anampeleka kwa jirani au anamnyoa.

Nikamsomea kwa sauti. Akanyamaza, akachukua daftari akalisoma mwenyewe, kidole chini ya kila mstari, alafu akasema, "Yote ni bintu ya kukawia."

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Alikuwa ameacha kila kazi inayohitaji uikalie. Pia zile zinazotaka uamini kwamba mwezi wa nane utafika na wewe bado uko palepale. Na hakuwa anajua. Alikuwa anafikiri muchele ni mtamu kwa watoto, nguo za harusi zina wateja wasumbufu, likelemba ina wizi. Kila moja ilikuwa na sababu yake nzuri.

Ile jioni

Nilimuuliza, maharagi ya mwisho ulipika lini. Alikumbuka tarehe.

Ilikuwa Jumamosi. Aliyaweka kwenye babula mnamo saa kumi, kilo moja na nusu hivi, ya kula usiku na ya kesho baada ya misa. Bwana alikuwa barabarani na abiria. Saa moja jirani akapiga kelele volkano imetoka, watoto wakakimbilia mlangoni, na yeye akasema, "Mungoje kidogo, yanakaribia kuiva, hatuwezi kukimbia na njaa." Akaongeza makala. Alikadiria ni robo saa. Katika hiyo robo saa barabara ilijaa, mtu kwa mtu, pikipiki, chukudu, zile baiskeli za mbao, zimebeba magodoro, na walipoingia humo wote watano wameshikana mikono, mahali barabara inapokutana na nyingine umati ukawasukuma na mkono wa Z, miaka 6, ukatoka kwenye mkono wake.

Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Z alikuwa mmoja wa hao. Watu wengi walirudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, Jumapili ile, yeye hakurudi. Matetemeko hayakukoma, nyumba zikapasuka, na tarehe 27 wakuu wa jeshi wakaamuru kartye 10 kati ya 18 za mji zihame. Mama Z akachukua wale watatu akaelekea Sake kwa miguu, upande wa magharibi, wakati mtoto alikuwa upande wa mashariki. Aliniambia kila hatua alikuwa anajua anajiweka mbali naye na bado alitembea, sababu wale watatu nao ni watoto.

Z alipatikana siku ya tisa, mzima kabisa. Mama mmoja wa Gisenyi alimuokota, akamlisha, akamuandikisha kwa waliokuwa wanaorodhesha watoto waliopotea.

Mwezi wa sita waliporudi nyumbani, lava ilikuwa haikufika kwao. Sufuria ilikuwa bado iko kwenye babula, kifuniko juu. Alifungua. Ukungu mweupe umejaa mpaka ukingoni, laini kama pamba. Ilikuwa sufuria nzuri ya harusi yake. Aliitupa kwenye mawe pamoja na vilivyomo, na hakumwambia mtu yeyote kwamba aliwachelewesha watoto sababu ya maharagi. Bwana wake mpaka tunaongea alikuwa hajui.

Ndani yake hakukuwa na hofu peke yake, ilikuwa hatia, na hofu ilikuwa imekaa juu kama kile kifuniko. Ningeendelea kumtuliza kuhusu mlima hata mwaka mzima nisingeigusa.

Tuliamua nini na kwa nini

Sisi tunatumia njia ya Shirika la Afya Duniani, ile ya vikao 5 iliyotoka 2016, inayoruhusu mtu asiye muganga kusaidia akifundishwa na kufuatiliwa. Ina kupumua taratibu, kushughulikia tatizo moja kwa wakati, kurudia kazi ulizoziacha kidogokidogo, na kurudisha watu karibu yako. Kwa Mama Z vikao 5 havikutosha, tulifanya 9 kwa ruhusa ya msimamizi.

Begi libaki. Hilo tuliamua kwanza na nilimwomba msamaha. Tulilipanga upya pamoja tukaongeza karatasi ya plastiki yenye majina ya watoto na namba za simu, kila mtoto akashonewa ya kwake mfukoni. Ile wiki alilala usiku tatu. Nadhani hofu ikishapewa mahali pake na kazi yake, inaacha kuzunguka nyumba nzima.

Alafu maharagi kwa hatua, na kila hatua aliamua yeye. Kununua kopo moja tu. Kuyachagua. Kuyalowesha usiku, juu yakilala kwenye maji yanaiva upesi. Kuyapika kwa jirani. Kuyapika kwake. Sababu ya hatua ni hii: kila unapokwepa kitu cha kukutisha mwili unapata nafuu kidogo, na ile nafuu inaufundisha mwili kwamba kukwepa ndiko kulikuokoa. Miaka miwili na zaidi Mama Z alikuwa anapata nafuu kila siku saa kumi jioni alipoweka muchele motoni, na kila nafuu ilikuwa inafunga mlango kidogo zaidi. Huwezi kuufungua kwa maneno, inabidi mwili wenyewe ukae pale uone kwamba saa imepita na hakuna aliyepotea.

Kuhusu kumwambia Z na baba yake, tuliacha liwe juu yake na wakati wake.

Sufuria

Siku ya kuchagua ndiyo naikumbuka zaidi. Alimwaga kopo moja kwenye ungo na mikono ikaanza yenyewe, vidole viwili vinatoa kijiwe, kinaruka, vinatoa punje iliyotobolewa, kinaruka, haraka hata sikuweza kufuata, na huku uso wake unalia machozi yanadondokea kwenye ungo. Mikono ilikuwa haijasahau chochote. Hakuacha mpaka ungo ukaisha.

Kupika tulipanga vibaya. Alichagua Jumamosi jioni juu ndiyo jirani alikuwa na nafasi, na mimi sikuliona. Jumamosi jioni! Saa kumi na mbili na nusu jua linaanguka, moyo ukaanza kumpiga, akaondoa sufuria akamwaga maji kwenye makala, nyumba yote ya jirani ikajaa moshi. Wiki mbili hakuja. Nilifikiri nimempoteza.

Akarudi mwenyewe akasema, "Tupike Jumanne asubuhi." Tukapika Jumanne asubuhi. Mimi, yeye, jirani, sufuria ya jirani. Ilichukua muda wa saa mbili na dakika arobaini. Alisimama mara nyingi kwenda kuangalia barabara na sikumkataza, nilimwomba tu akirudi aketi. Baada ya saa moja aliuliza kama tunaweza kuyatoa hivyohivyo, jirani akamwambia, "Mama, utatuvunja meno," na akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka. Tuliyapua bado magumu kidogo, tukaongeza kitunguu na mafuta, tukala.

Aliyobeba nyumbani aliwapa watoto mchana walipotoka shule. Z, wakati huo ana karibu miaka 9, akaangalia sahani akauliza, "Mama, maharagi imeshuka bei?"

Miaka yote mtoto alikuwa anafikiri yamepanda bei.

Aliponisimulia hilo alikaa muda mrefu bila kuongea. Wiki chache mbele akamuuliza anakumbuka nini cha ile jioni. Z anakumbuka mbwa wa yule mama wa Gisenyi, jina la mbwa analo mpaka leo, na kwamba alipewa maziwa. Robo saa ya maharagi haimo kabisa kwenye kichwa chake. Mama Z aliniambia alipata raha na pia aliumia, juu mzigo aliubeba peke yake na yule aliyembebea hakuwahi kujua.

Baadaye

Mpaka Februari 2024 alikuwa anapika maharagi mara mbili kwa wiki, asubuhi tu. Tumbo lilipungua, halikuisha. Kile kikwembe cha Pasaka alikishona siku mbili. Likelemba alirudi ila aliomba zamu ya pili badala ya ya mwisho, wakamkubalia.

Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, umeme na maji vikakatika, watu tukajifungia majumbani. Aliniandikia baadaye, mtandao uliporudi. Alikuwa ameamka siku moja kabla akapika sufuria kubwa, wakayala ya baridi siku tatu wamelala chini sakafuni. Na aliniambia pia bila kuficha kwamba nguo za kutembea amerudia kulala nazo, na tumbo limerudi. Nilimjibu wengi wetu tulilala hivyo.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni swali kuhusu kazi za mikono. Mtu wa kwetu akiwa na jambo ndani haliiti jina, atakuambia tumbo, atakuambia mawazo, lakini ukiangalia anapika nini, anashona nini, analala vipi, jambo lenyewe liko wazi mchana kweupe. Ningependa kila anayeanza kazi hii aulize mapema: zamani ulikuwa unafanya nini? Na aandike majibu yote kabla ya kuyapa maana, maana mimi niliipata maana siku ya kwanza na ilikuwa ya uongo.

Kilichosaidia pia ni jirani. Mimi ninaondoka na daftari langu, jirani anabaki na babula yake.

Nilichoshindwa ni kingi. Kutuliza kwa habari nisizokuwa na hakika nazo kulimpunguzia imani kwangu, na alikuwa sahihi. Ile Jumamosi ingeweza kuharibu yote, na lilikuwa kosa la kalenda tu, dakika moja ya kufikiri ingeliepusha. Na kanisani kwake walikuwa wanamuombea juu ya roho ya uoga, yeye mwenyewe alisema maombi yanamtuliza, lakini sikuwahi kwenda kuongea na mchungaji ili tusimvute huku na huku. Hilo lilikuwa rahisi kufanya.

Kubwa zaidi ni baba Z. Niliacha aendelee kumuita mke wake mvivu miezi miwili mizima huku mimi najua siyo uvivu, nikijitetea kwamba siri si yangu. Siri si yangu kweli, ila ningeweza kumkaribisha akae, nimuulize na yeye ile jioni alikuwa wapi. Alikuwa barabarani na abiria, familia yake iko nyumbani chini ya anga nyekundu. Hakuna aliyemuuliza, hata mke wake.

Nilipitia kwao tena mwaka huu. Mama Z alikuwa anachagua maharagi barazani, begi liko mlangoni. Pikipiki ilikuwa uani, uso umeelekea barabara kama siku ile ya kwanza, na Mama Z akaniambia tangu 2021 haijawahi kulala imeangalia nyumba, wala tangi halijawahi kulala chini ya nusu. Baba Z bado hajakaa kwenye kiti chetu. Nimemuachia ujumbe.